Mkaguzi Aliyejipunja

Ukimuuliza leo atakwambia mwenyewe, tena bila kubembelezwa: katika miaka ishirini na saba ya kukagua mizani madukani, mlaghai mkubwa kuliko wote aliowahi kukutana nao ni yule anayemnyoa ndevu kila asubuhi kwenye kioo. Kisha atacheka. Kicheko hicho hakukipata bure, lakini tusiruke hatua.

Sokoni walimwita Gramu, na wala hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Kazi yake ilikuwa kuingia dukani na sanduku la mbao mkononi, kulifungua mbele ya mwenye duka, kuyatoa mawe yake ya shaba moja moja kwa kitambaa yasije yakashika jasho la vidole, na kuyapanga juu ya mizani. Jiwe la kilo moja likisoma kilo na gramu kumi, mwenye duka alikuwa na la kujibu. Mfukoni Gramu alitembea na stika za aina mbili. Ya kijani ilikuwa ya mizani iliyofaulu. Nyekundu iliandikwa IMEKATALIWA, kwa herufi ambazo hata asiyejua kusoma alizielewa, na ukiibandua kabla ya kukaguliwa upya ulikuwa umejitafutia kesi.

"Lakini mzee, si ulinikagua mwaka jana tu?" walikuwa wakilalamika.

"Mizani haikaguliwi ikapona," Gramu aliwajibu. "Inakaguliwa maisha yake yote."

Aliipenda mno kauli hiyo. Aliisema hata nyumbani wakati wa kula, pasipo mtu kumuuliza. Alikuwa na nyingine pia, ambayo aliwafundisha wakaguzi wapya: mizani ikisoma sawasawa pasipo kosa hata la nusu gramu, iogope. Mizani ya mtu mwaminifu huingia vumbi, hutikiswa, hukosea kidogo huku na kidogo kule. Iliyo safi kupita kiasi imetengenezwa kwa ajili ya macho yako wewe mkaguzi. Kwa kauli hizo mbili Gramu alijiona yeye ndiye yeye, na mjini hapo hapakuwa na wa kumdanganya.

Basi ikaja siku ofisi nzima ikapelekwa kupimwa afya. Gramu alikunja mkono wa shati kwa dharau, kwa kuwa hakuwa akiumwa hata kucha. Muuguzi wa kliniki, mama mmoja mfupi mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa kamba, akamfunga mkononi mkanda wa kupimia, akapima, akasubiri, akapima tena.

"Una presha, mzee. Mia na themanini na mbili juu ya mia na nane."

"Mbona sijisikii chochote?"

"Huo ndio ubaya wake. Haipigi hodi." Akamwandikia kidonge kimoja kila asubuhi. Akamweleza kwamba dawa hiyo hutoa maji na chumvi ya ziada mwilini, kwa hiyo siku za mwanzo angekwenda haja ndogo mara nyingi. Ikimsumbua arudi, kwani zipo dawa za aina nyingine na kila moja ina tabia yake.

"Nitameza mpaka lini?"

"Maisha yako yote, mzee."

Loo, alivyochukia! Yeye huyu aliyewaambia wenye maduka maneno hayo hayo kwa miaka ishirini na saba akayaona ni matusi alipoambiwa yeye.

Mkewe hakushtuka. Yeye alikuwa na presha mwaka wa sita huo, na dawa yake alikuwa akiimeza kila siku ya Mungu. Alikuwa fundi cherehani, anashonea nguo barazani kwake, na dawa hiyo ilimvimbisha miguu. Ikifika jioni vifundo vilikuwa vimejaa hadi kamba za ndala zimeacha alama. Alimwambia muuguzi, akapunguziwa dozi na kuongezewa nyingine ndogo, uvimbe ukapungua ila haukuisha. "Bora miguu ivimbe," alikuwa akisema huku anakanyaga cherehani, "lakini sitalala kama mama." Mama yake alipigwa na kiharusi akalala miaka miwili, upande mmoja umekufa, mdomo umekwenda kombo. Gramu alimjua vizuri mama mkwe huyo. Ndiye aliyekuwa akimbeba kumtoa nje apate jua.

Basi mke akalichukua jambo la mumewe kama kazi yake. Kila asubuhi aliamka kwanza, akachemsha maji, akayapoza, akamletea katika glasi pamoja na kidonge. "Haya, baba watoto. Tumeze." Wakameza pamoja, kila mmoja chake. Siku nne za kwanza Gramu alimeza kweli.

Siku ya nne ndipo mambo yalipoharibika. Alikuwa bucha. Mwenye bucha hiyo alikuwa pande la mtu, mwenye aproni ya plastiki iliyomfika miguuni, na Gramu alikwisha kumbandikia stika nyekundu mara mbili, kwa hiyo baina yao palikuwa na salamu za meno tu. Wateja walikuwa wamepanga foleni. Gramu akafungua sanduku, akaweka jiwe la kwanza, akaweka la pili, na kabla ya la tatu kidonge kikafanya kazi yake. Akabana. Akahama mguu huu, akahama ule. Kijasho chembamba kikamtoka. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo sana:

"Choo kiko wapi?"

"Nini, mzee?"

"Choo."

"Aa, choo!" Mwenye bucha aliinua sauti ili asibaki mtu wa kukosa habari. "Mkaguzi anataka choo! Karibu, mzee wangu, jisikie uko kwako!" Akamkabidhi ufunguo uliofungwa kwenye mfupa wa ng'ombe, mfupa mrefu kama mkono, eti usipotee. Gramu akaupita mstari wote wa wateja ameubeba mfupa ule. Na aliporudi hakuthubutu kumaliza ukaguzi. Ukishaazima choo cha mtu, utaikataa mizani yake kwa uso gani? Akabandika kijani, akaondoka.

Mtu mwenye akili zake angerudi kliniki kesho yake akasema, jamani, dawa hii inaniaibisha kazini. Ni maneno ya dakika mbili. Gramu aliona kuliko kumweleza mwanamke, muuguzi yule wa miwani, habari za haja zake, ni heri ache kumeza. Na kuliko kumwambia mkewe kwamba ameacha, ni heri aseme uongo. Akayapima mawili hayo kwa uangalifu wote wa mtaalamu wa mizani, na akachagua la kipumbavu.

Akabuni mtindo. Kidonge kinaingia mdomoni mbele ya mke, kinalala kati ya shavu na ufizi, maji yanapita, mke anageuka, Gramu anakohoa kwenye leso. Kazi imekwisha. Lakini kukitupa hakuweza. Hapo ndipo ujue mtu huyu alivyo. Dawa ilitolewa na serikali, na mali ya umma haiteketezwi bila fomu. Kumdanganya mkewe aliweza, kukiuka utaratibu wa kuteketeza mali hakuweza! Basi vidonge akavikausha na kuvihifadhi katika sanduku lake la mawe ya shaba, chini ya kitambaa chekundu cha mahameli, mahali ambapo hapakuwa na mtu mwingine wa kufungua.

Zikapita siku sitini. Muuguzi alikuwa na desturi ya kumtaka kila mgonjwa aje na pakiti zake, kisha alihesabu vilivyobaki kwenye sinia la plastiki, akivisogeza viwili viwili kwa ncha ya kalamu. Pakiti za Gramu zilikuwa tupu kabisa.

"Havikubaki hata kimoja! Hongera, mzee. Wengine hunijia na nusu pakiti wakasema wamesahau. Ningepata kumi kama wewe ningelala usingizi."

Gramu akazipokea hongera zile kwa kuinamisha kichwa, kama mtu mnyenyekevu. Kisha muuguzi akampima. Mia na themanini na nne juu ya mia na kumi.

"Mashine hii ilikaguliwa lini?" Gramu akauliza.

Ndiyo, aliuliza. Akaigeuza chini juu kutafuta stika, akaukunjua mkanda kuutazama mishono, akasema kifaa kisicho na muhuri hakitoi ushahidi. Muuguzi alikuwa mvumilivu. Akaleta mashine nyingine kutoka chumba cha pili, ile ya zamani yenye zebaki, akampima mkono wa kulia na wa kushoto. Ikawa vile vile. Akajipima mwenyewe mbele yake, zote mbili zikasema mia na kumi na mbili juu ya sabini. Mashine hazikuwa na kosa lolote. Kilichokuwa na kosa kilikuwa kimekaa kwenye kiti, kimekunja nne.

"Basi tuongeze dawa ya pili," akasema muuguzi. Baada ya siku nyingine sitini, pakiti tupu tena, presha ile ile, akaongeza ya tatu. Safari hii hakumpongeza. Alimtazama kwa huruma. "Wapo watu wachache ambao presha yao ni sugu. Isipotulia na hizi, nitakupeleka kwa daktari bingwa akachunguze figo."

Hebu msikie Gramu alivyoipeleka habari hiyo nyumbani: kama mtu aliyepandishwa cheo. "Mke wangu, yangu ni sugu! Vidonge vitatu, na bado mia na themanini!"

Mke hakucheka. Alilaza kitambaa alichokuwa akishona.

"Vitatu?"

"Vitatu."

"Na vyote unameza. Mimi nakuona kila siku."

"Si unaniona?" akasema Gramu.

Mke akarudi kwenye cherehani yake.

Majuma yakaenda. Asubuhi moja Gramu alimtazama mkewe miguu, akaona vifundo vimekauka, vimerudi vilivyokuwa zamani. "Mama watoto, miguu imekuwa ya msichana!" Mke akatabasamu tu. Kisha akaanza kumwita amtungie uzi kwenye sindano, mara moja kwa siku, mara tatu, mara tano. "Uzee huo unakuja," Gramu alimtania akiutia uzi tunduni bila shida. Wakati mwingine alimkuta amekaa amejishika kisogo, akamuuliza, akajibiwa ni joto. Huyu ndiye mtu aliyeweza kuona gramu kumi zilizoibwa kwenye kilo ya unga. Nyani haoni kundule, na huyu hakuona hata la mwenzake.

Wiki ya saba tangu kidonge cha tatu, zamu ya bucha ikafika tena. Gramu aliingia kwa kishindo, maana lile deni la mfupa lilikuwa bado linamkereketa. Wateja tele. Akaliweka sanduku juu ya meza, akafungua kufuli, akashika jiwe la kilo mbili, akavuta. Sasa, mahameli ile ilikuwa imeinuka kwa wingi wa vilivyokuwa chini yake, na gundi ilikwisha kuchoka. Jiwe likatoka na kitambaa chake. Vidonge vikamwagika chwaa! juu ya meza, vingine sakafuni, na vingi vikaangukia kwenye sinia la mizani.

Bucha nzima ikageukia mizani. Namba za mizani zikacheza, zikatulia.

"Gramu hamsini na nane," akasoma mwenye bucha. Akainama kutazama. "Mkaguzi, hii ni nyama ya nini?"

Watu wakapasuka. Gramu alitamani ardhi ipasuke immeze, japo kutomeza ndiko kulikomfikisha pale. Akaanza kuvizoa kwa viganja vyote viwili, vinamponyoka. Mwenye bucha akaokota kimoja, akakigeuza kwenye mwanga, na kicheko kikamfutika usoni. Kilikuwa na alama ya jino.

"Hivi navijua," akasema, sasa kwa sauti ya chini, wasisikie wengine. "Mama yangu anameza hivi. Mzee, mahali pake ni tumboni, si sandukuni." Akamsaidia kukusanya, akavitia katika mfuko wa nailoni wa nyama, akaufunga fundo na kumkabidhi. "Hesabu ukitaka. Sikupunji."

Hakuna stika iliyobandikwa siku ile, wala ya kijani wala nyekundu. Njiani kurudi Gramu hakuweza kujitania wala kujitetea. Maneno ya mtu aliyemwita mwizi mara mbili yalikuwa yamemwingia, akakata shauri kuanzia kesho atameza. Ila kusema asingesema. Angemeza kimyakimya, presha ishuke kimyakimya, muuguzi afurahi, mke afurahi, na sanduku asilijue mtu. Ndivyo wanavyofanya wenye maduka wakisikia mkaguzi yuko mtaa wa pili.

Kesho yake akavimeza vyote vitatu kwa mpigo, kweli kweli. Mwili ambao kwa karibu miezi sita haukuonja dawa ukapewa dozi iliyopangwa kwa ajili ya presha sugu. Siku ya kwanza akasikia kichwa chepesi. Ya pili, kila akiinuka, chumba kilizunguka, akajisifu kwamba dawa inafanya kazi. Asubuhi ya tatu aliinuka kitini na sanduku lake mkononi aende kazini, akapiga hatua mbili, na hatua ya tatu hakuiona.

Alipofumbua macho alikuwa kwenye kitanda chembamba cha kliniki, gari la jirani ndilo lililomleta. Mkewe alikuwa amesimama pembeni akilikumbatia sanduku la mawe, maana hata alipozimia mtu huyu hakuliachia. Muuguzi alikuwa akiitazama mashine kama haamini.

"Tisini na mbili juu ya hamsini na nne," akasema. "Mzee, wewe ni mkaguzi. Nisaidie. Mizani inayosoma mia na themanini miezi sita mfululizo, halafu asubuhi moja inasoma tisini, wala hakuna aliyeibadilisha. Utaandika nini kwenye fomu yako?"

Gramu alilijua jibu. Alifunga macho.

"Mwache, sista," mke akaingilia kwa ukali. "Unamuuliza yeye? Jiulizeni nyinyi na dawa zenu. Miezi yote hii hazikumfanya lolote, leo zinamwangusha chini. Mimi nilishazigundua mapema. Zangu niliacha."

Muuguzi akageuka polepole. "Umeacha lini, mama?"

"Wiki ya saba hii. Alipokuja na kidonge cha tatu nikajiuliza: mtu anameza vitatu mbele ya macho yangu na presha haitikisiki, mimi kwa nini nivimbe miguu miaka sita? Pengine yangu ilipona zamani na ninameza chaki."

Muuguzi hakubishana. Alimfungua Gramu ule mkanda, akamfunga mke. Wote watatu wakaisikiliza mashine ikijaa na kupumua. Mia mbili na nne juu ya mia na kumi na nane.

"Kichwa kinauma?"

"Kisogoni, kidogo. Na tundu la sindano silioni vizuri."

Gramu akafumbua macho. Kutoka alipolala, kilichokuwa usawa wake kilikuwa miguu ya mkewe, vifundo vyembamba vimekauka ndani ya ndala, ile miguu ya msichana aliyoisifu. Akaelewa alikuwa akisifu nini. Hofu iliyomshika hapo hakuwahi kuijua, hata alipokuwa akianguka.

"Mama, lazima uanze tena dawa leo hii, na daktari akuone kabla hujaondoka," muuguzi alikuwa akisema. "Zilikuwa zinakushika vizuri. Nina kadi yako hapa."

"Sianzi. Hesabu zenu ni za kwenye kadi. Mimi nimeshuhudia kwa macho yangu, kila asubuhi, na maji nilimpa mimi." Mke akaanza kuufungua mkanda mwenyewe. "Baba watoto, ukiweza kusimama twende zetu."

"Sikuwa nameza," akasema Gramu.

Hakusikika. Akarudia kwa nguvu. "Sikuwa nameza! Mke wangu, sikumeza hata kimoja baada ya siku ya nne. Nilianza juzi."

Mke akamtazama kwa huruma, kama mtu anayeweweseka. "Unamtetea sista. Nilikuona."

"Fungua sanduku."

Hakuwahi kulifungua maisha yake yote, kwa kuwa lilikuwa kazi ya mume. Gramu akampa ufunguo. Chini ya mahameli iliyochanika ulikuwapo mfuko wa nailoni wa bucha. Mke akaufungua fundo, akaumimina juu ya lile sinia la plastiki, na muuguzi, kwa mazoea tu, maskini, akachukua kalamu akaanza kuhesabu. Wakamsubiri amalize.

"Mia tatu na kumi na tisa."

"Mia tatu na ishirini na tatu," Gramu akasahihisha kwa sauti ya kufa. "Vinne vilibaki bucha."

Mke alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Hakupiga kelele, na Gramu angetoa chochote apige.

"Nilikuwa naamka kabla yako," akasema mwishowe. "Nachemsha maji, nayapoza, yasikuumize meno. Kila asubuhi. Na wewe unanisubiri nigeuke."

"Nisamehe."

"Mama yangu ulimbeba wewe. Unajua alivyokuwa. Halafu unaniacha niamini kwamba dawa haina kitu?"

Gramu akalia. Alilia wazi, mtu mzima, mbele ya muuguzi, na sanduku la serikali liko wazi. Hakujificha nyuma ya leso, leso ile alikwisha kuitumia vibaya ya kutosha.

"Lakini kwa nini, mzee?" muuguzi akauliza.

"Choo."

"Choo?"

Ikabidi aeleze: foleni ya wateja, kuhama mguu, mfupa wa ng'ombe. Muuguzi akauma mdomo, akainama kutafuta kitu kwenye droo ambayo haikuwa na kitu. "Ungeniambia, ningekubadilishia siku ile ile," akasema akiwa bado ameinama. "Mimi nakaa hapa kwa kazi hiyo."

"Kwa ajili ya choo cha bucha!" mke akasema. "Nilitaka kufa kwa ajili ya choo cha bucha!" Akacheka hadi akashindwa, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka, na Gramu hakujua amguse au asimguse. Akaweka mkono kitandani karibu na wake, basi.

Walikaa kliniki mpaka alasiri. Daktari alimwona mke, akamwanzishia upya dawa zake, wakamwangalia presha ikianza kushuka taratibu. Muuguzi ndiye aliyempa glasi ya maji, na kabla ya kumeza mke alimwangalia mumewe muda mrefu. Gramu akapumzishwa dawa kwa muda, kisha akaanzishwa moja tu, ya aina nyingine isiyokimbiza mtu chooni, na nyingine ingeongezwa ikihitajika, hatua kwa hatua.

Nyumbani mke alilifungua sanduku kwa mara ya pili. Akachagua stika nyekundu, akaibandika kwenye glasi ya mumewe, akaisugua kwa kidole gumba isibanduke. IMEKATALIWA. Tangu siku ile kila asubuhi Gramu anameza, anafungua mdomo, anainua ulimi juu, anageuza shavu la kulia, anageuza la kushoto, na mke anakagua kwa tochi ya simu. Wajukuu wakija hupanga foleni kutazama.

Siku sitini zilipotimia wakaenda kliniki pamoja. Mke alikuwa mia na thelathini na sita juu ya themanini na mbili. Gramu mia na thelathini na nane juu ya themanini na sita. Muuguzi akamimina mabaki ya Gramu kwenye sinia, akakuta vidonge viwili.

"Umesahau siku mbili, mzee."

"Ndiyo. Nilisafiri kikazi, nikaviacha nyumbani."

"Vizuri," akasema muuguzi, akaandika. "Leo ndiyo kwanza nakuamini."

Gramu akaikumbuka kauli yake ya mizani iliyo safi kupita kiasi, akaona haya upya. Lakini alitoka pale amejaa matumaini, na jioni, mke alipoketi kupumzisha miguu, akamvua ndala. Vifundo vilikuwa vimevimba tena, kamba zimechora alama. Akavitazama kwa furaha ambayo asingeielewa mtu mwingine ila mkewe, akaanza kuvisugua polepole.

"Mama watoto," akasema, "sasa si nimefaulu? Ile stika ya glasi tutaibandua lini?"

"Baba watoto," mke akajibu, macho amefumba, "mizani haikaguliwi ikapona."

Asubuhi yake akamletea maji yaliyochemshwa, yaliyopozwa. Gramu akameza, akafungua mdomo, akainua ulimi.